Kumfunza Farasi Kijana na Kumchagulia Fani Katika Mazingira ya Dar es Salaam

Mtu anayenunua farasi kijana hapa Dar es Salaam kwa kawaida huwa amekwisha kuamua farasi huyo atafanya kazi gani: ataruka viunzi, atacheza polo (mpira unaopigwa kwa fimbo ndefu mchezaji akiwa juu ya farasi), au atabeba wageni ufukweni Kigamboni. Uamuzi huo ndio unaopaswa kuja mwisho. Farasi wa miaka miwili au mitatu bado hajaonyesha umbo wala moyo atakaokuwa nao akikomaa, na jiji letu lenye joto, unyevunyevu, mchanga na kelele lina masharti yake, ambayo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haiyagusi kabisa. Kwa hiyo maelezo haya yanaanza na malezi na mafunzo ambayo kila farasi anayahitaji, na suala la fani litafuata baadaye.

Umri na mifupa

"Samaki mkunje angali mbichi" ni kanuni nzuri kwa tabia ya farasi, lakini ni kanuni ya hatari kwa mgongo wake. Mifupa ya farasi ina sehemu laini za ukuaji karibu na ncha zake, na sehemu hizo hukomaa kwa zamu: zile zilizo chini karibu na kwato hukomaa mapema, zile za juu ya goti la mbele hukomaa akikaribia miaka miwili na nusu, na zile za uti wa mgongo huchelewa kuliko zote, hadi miaka mitano na kuendelea. Ni kweli kwamba farasi wa mashindano ya mbio hupandwa wangali wadogo sana, lakini hiyo ni biashara yenye hesabu zake, na si wote wanaotoka humo wakiwa na miguu mizima. Kwa mtu anayetaka farasi wa kumtumia kwa miaka 15 au zaidi, umri unaofaa kuanza kumpanda ni kati ya miaka mitatu na nusu na minne.

Muuzaji asipokuwa na karatasi za kuzaliwa, tazama meno ya mbele. Meno ya utotoni hubadilika kwa jozi: ya katikati hung'oka kwenye miaka miwili na nusu, yanayofuata kwenye mitatu na nusu, na ya pembeni kwenye minne na nusu. Meno ya utotoni ni madogo, meupe na yamebanwa karibu na ufizi, ilhali ya kudumu ni mapana na yana rangi ya manjano kidogo. Anayeuziwa "farasi wa miaka minne" huku kinywani mna jozi moja tu ya meno ya kudumu, anauziwa farasi wa miaka miwili na nusu au mitatu.

Afya, banda na chakula

Kabla ya somo la kwanza mwite daktari wa mifugo, na umwulize waziwazi kama amewahi kutibu farasi, kwa kuwa wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Ikibidi, ushauri unaweza kutafutwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho hufundisha madaktari wa mifugo. Mwombe akague meno, hasa kijino kidogo kinachoweza kuota mbele ya magego ya juu, karibu kabisa na mahali lijamu, yaani chuma cha kinywani, inapokaa. Kikiwapo kinaweza kumuumiza, na farasi ataonekana mkaidi kumbe ana maumivu. Zungumza naye pia kuhusu chanjo ya pepopunda na kuhusu ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na usubi. Wadudu hao huuma zaidi kuanzia machweo hadi mapambazuko, kwa hiyo farasi arudishwe bandani kabla giza halijaingia.

Kuna mambo mawili ambayo mfugaji wa mjini aliyezoea mifugo mingine huwa hayajui. Dawa za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe zenye amitrazi zinaweza kusimamisha kazi ya utumbo wa farasi, naye hawezi kutapika. La pili ni baya zaidi: monensini, ambayo huchanganywa katika baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe, huharibu moyo wa farasi na kumuua hata akila kiasi kidogo. Usimpe farasi mabaki ya chakula cha kuku, na usinunue chakula chake kwenye kiwanda kinachotumia mashine ileile kuchanganya vyakula vyenye dawa hiyo.

Chakula chenyewe kiwe nyasi kwanza. Farasi wa kilo 400 anahitaji angalau kilo sita za nyasi kavu kwa siku, pamoja na chumvi ya kulamba na maji safi wakati wote. Katika joto letu anaweza kunywa zaidi ya lita 40 kwa siku. Nyasi ziwekwe kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira, zisimwagwe chini, kwa sababu udongo wa pwani ni mchanga mtupu na mchanga anaoumeza hujikusanya tumboni hadi kuleta msokoto. Fundi wa kwato aje kila baada ya wiki sita hadi nane, hata kama farasi hajavalishwa njumu, yaani viatu vya chuma. Tena, farasi asiishi peke yake; ukikosa farasi wa pili, hata punda atamfaa.

Kalenda ya Dar es Salaam

Mafunzo yapangwe kwa kufuata majira. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevunyevu huwa vikali kiasi kwamba jasho la farasi hudondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halimpoozi. Wakati huo kazi iwe nyepesi na fupi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, uwanja hulowa na kuteleza, lakini masomo ya kumwongoza kwa mkono yanaweza kuendelea katikati ya mvua. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi cha kumpanda kwa mara ya kwanza: hewa imepoa, ardhi imeshika, na una wiki nyingi mfululizo mbele yako.

Katika siku, muda mzuri ni saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Jioni inawezekana, ila kazi ikichelewa unamwacha farasi nje pamoja na usubi. Jizoeze kuhesabu pumzi zake akiwa ametulia kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Farasi mzima aliyepumzika huvuta pumzi 8 hadi 16 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44, ingawa farasi mdogo anaweza kuzidi kidogo. Andika hesabu hizo kwenye daftari, maana bila kujua hali yake ya kawaida huwezi kutambua hali isiyo ya kawaida.

Akitoka kazini akiwa na joto, mmwagie maji mwili mzima, mfululizo, hadi pumzi ishuke. Bado wapo masaisi, yaani watunzaji wa farasi, wanaoamini kwamba maji ya baridi hukaza misuli ya farasi mwenye joto. Watafiti walilichunguza suala la kuwapooza farasi kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, ambako joto na unyevunyevu vilihofiwa sana, na imani hiyo haikuthibitika. Kinachodhuru ni joto lenyewe. Angalia pia kama anatoa jasho. Wapo farasi ambao wakishushwa pwani hupoteza uwezo huo polepole: ngozi hubaki kavu huku wakihema kwa nguvu. Farasi wa namna hiyo hafai kufanyishwa kazi ngumu Dar es Salaam, na mara nyingine tiba ya kweli ni kumrudisha kwenye baridi ya Arusha au Iringa.

Masomo ya chini, kabla ya tandiko

Farasi hujifunza kwa kuachiwa. Unambonyeza, anatafuta namna ya kuliondoa shinikizo, na mara tu anapopata jibu sahihi wewe unaacha. Kule kuacha ndiko kunakomfundisha, na kukichelewa hata kwa sekunde chache anajifunza jambo jingine kabisa. Chukua somo la kurudi nyuma kama mfano. Simama ubavuni mwa shingo yake, weka vidole viwili kifuani pale misuli ya pande mbili inapokutana, na ubonyeze kwa nguvu ile ya kulipima embe sokoni kama limeiva. Usisukume. Atainua kichwa, ataegemea mbele, pengine atajaribu kukupita. Vidole vibaki palepale bila kuongeza wala kupunguza. Baada ya muda atahamisha uzito kwenye miguu ya nyuma, hata kabla ya kunyanyua kwato. Hapo hapo toa mkono, umwache. Utaona anashusha kichwa, analamba midomo, sikio moja linakugeukia. Rudia mara tatu nne, kisha funga somo kwa siku hiyo, hata kama umebakiwa na nusu saa.

Kwa njia hiyohiyo mfundishe kufuata kamba ya kuongozea bila kuvutana, kusimama, kusogeza makalio pembeni, kuinua kila mguu, kusubiri akiwa amefungwa, kuogeshwa kwa bomba, na kupanda kwenye lori. Haya yote anaweza kuyajua kabla hajatimiza miaka mitatu. Kamwe usizungushe kamba mkononi, kwa kuwa farasi akistuka itakukatia vidole. Vaa viatu vilivyofunika mguu. Kandambili zibaki nyumbani.

Kumzungusha kwa kamba ndefu kuna manufaa kwa kumfundisha kutii sauti na kubadili mwendo, kutoka kutembea kwenda telki, yaani mbio za taratibu, na kurudi. Hata hivyo mzunguko hukandamiza viungo vya ndani ya miguu, hasa kwenye mchanga mzito, kwa hiyo dakika 10 hadi 15 zinatosha, upande huu na upande ule, na si kila siku. Binafsi naona kutembea nyuma yake kwa hatamu mbili ndefu kuna faida zaidi: anajifunza kutangulia peke yake, kugeuka na kusimama, na anaiona njia kama atakavyoiona siku utakapokuwa mgongoni.

Kisha kuna Dar es Salaam yenyewe. Farasi huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia, na kila kinachojitokeza ghafla kwake ni adui mpaka ithibitike vinginevyo. Bodaboda yenye ekzosi iliyotoboka, turubai la kibanda linalopepea, kanga iliyoanikwa kwenye uzio, kipaza sauti cha muuza aiskrimu: hivi asikutane navyo kwa mara ya kwanza akiwa na mtu mgongoni. Mwombe kijana aje na baiskeli, kisha siku nyingine bodaboda, aiendeshe polepole mbele akienda zake huku wewe na farasi mkiifuata kwa mbali. Kitu kinachokimbia hakitishi, na farasi anayekifukuza hujiona shujaa. Punguza umbali siku hadi siku. Farasi wa Kikosi cha Polisi Mbwa na Farasi, ambao wakazi wengi wa jiji wamewaona wakipita katikati ya umati, ni ushahidi kwamba utulivu wa namna hiyo hufundishika, lakini hauletwi na wiki mbili.

Tandiko na kupanda

Tandiko lianze na kitambaa chake pekee, kinachowekwa na kuondolewa mara nyingi pande zote mbili. Mkanda wa tumbo ukazwe tundu moja moja, farasi akitembeshwa hatua kadhaa kati ya tundu na tundu; anayekaza kwa mara moja humfundisha kuvimbisha tumbo au kuruka-ruka. Hakikisha tandiko halikai juu ya mfupa wa mabega na kwamba mwanga unapita kwenye mfereji wa katikati ukitazama kutoka nyuma. Farasi kijana hubadilika umbo upesi, hivyo tandiko lililomkaa vizuri Juni linaweza kumbana Oktoba.

Siku ya kwanza ya kupanda wawepo watu wawili: saisi anayemfahamu farasi ashike kamba, na mpandaji awe mwepesi, mtulivu na mwenye kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Kwa farasi kijana ni busara mzigo wote usizidi asilimia 15 ya uzito wake. Kwa farasi wa kilo 400 hizo ni kilo 60, na tandiko la ngozi linaweza kuchukua kilo nane, kwa hiyo mpandaji asizidi kilo 52. Mwenye farasi mwenye kilo 85 atafute kijana wa kumsaidia, asikasirike. Mpandaji kwanza aruke-ruke pembeni mwa farasi akiwa chini, kisha aegemee, kisha alale kwa tumbo juu ya tandiko huku saisi akimlisha farasi kipande cha karoti ili ageuze shingo na kumwona. Akibaki ametulia, sogeza hatua mbili. Kupitisha mguu upande wa pili na kuketi kunaweza kusubiri kesho au kesho kutwa.

Wiki za mwanzo vipindi visizidi dakika 20, mara tatu au nne kwa wiki, kutembea tu kwenye mistari mirefu na mikunjo mipana. Telki ianze pale farasi anapotembea bila kuyumba chini ya uzito. Shoti, yaani mbio za kasi zaidi ya telki, isubiri miezi. Vuli ikifika, mpe likizo ya wiki nyingi malishoni. Farasi wengi hurudi kutoka likizo hiyo wakionekana kama waliosoma usiku.

Fani: msikilize farasi, kisha uangalie ramani

Katika mwaka wake wa kwanza wa kupandwa, kila farasi aonjeshwe kila kitu kidogo kidogo: magogo yaliyolazwa chini avuke, safari za polepole nje ya uwanja, mikunjo sahihi uwanjani, kuingia majini. Mwishoni utakuwa na picha. Yupo anayetazama gogo kwa masikio yaliyosimama na kulikusanyia miguu. Yupo anayeligonga kila mara na wala asijali. Yupo ambaye baada ya saa moja ya mwendo anaomba kuongeza, na yupo anayependa uwanja wake na kazi yenye utaratibu.

Dresaji, ambayo ni kumfanyisha farasi mwendo na mikunjo kwa usahihi na wepesi, ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa mkazi wa jiji hili, hata kwa asiyekusudia kushindana. Inahitaji uwanja wa mita 20 kwa 40 tu, ambao unaingia kwenye kiwanja cha Mbweni au Bunju, na hujenga mgongo kwa kazi yoyote itakayofuata. Kuruka viunzi kunavutia watazamaji zaidi, lakini kunadai ardhi nzuri kuliko fani nyingi. Mchanga mzito wa pwani huchosha kano kila farasi anapojisukuma kuruka, na udongo mkavu mgumu huumiza miguu anapotua. Kama huna uwezo wa kutengeneza uwanja wenye tabaka lililoshindiliwa chini na mchanga wenye unyevu kwa kina cha sentimita chache juu, bakia na viunzi vidogo. Farasi asiruke viunzi vya maana akiwa na mpandaji kabla ya miaka minne na nusu hadi mitano. Mashindano yanayounganisha dresaji, mbio za nyikani na viunzi, ambayo pamoja na dresaji yaliingia Olimpiki huko Stockholm mwaka 1912, yanahitaji mashamba makubwa yenye vikwazo imara. Kwa Dar es Salaam tuyaweke kando.

Mbio za masafa marefu ni suala jingine. Viwango vya juu kabisa duniani hufika kilomita 160 kwa siku moja, na farasi hukaguliwa njiani na madaktari: mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, anaondolewa. Farasi wa Kiarabu na chotara wake hung'aa hapa kwa sababu mwili wao mwembamba hupoteza joto haraka, na joto letu linawasumbua kidogo kuliko linavyomsumbua farasi mzito. Kwa maandalizi, ufukwe ni hazina, mradi ujue maji. Siku za bamvua maji yakitoka hubaki ukanda mpana wa mchanga mbichi ulioshikamana, unaobeba farasi vizuri kwa kilomita kadhaa. Siku za maji mafu ukanda huo ni mwembamba, na farasi analazimika kukanyaga mchanga mkavu unaovuta miguu. Nenda alfajiri kabla wacheza mpira hawajafika, pita njia hiyo kwanza kwa miguu uone mashimo ya kaa, mawe ya matumbawe na kamba za ngalawa, na usirudi kwa kasi kuelekea nyumbani.

Polo huwavutia wengi kwa mavazi na sifa. Lakini vipindi vyake vya dakika saba na ushei huchezwa kwa kasi kubwa, na mchezaji hubadilisha farasi kati ya kipindi na kipindi, kwa hiyo mwenye farasi mmoja hana polo. Wanaotumia mkono wa kushoto nao wajue kwamba kanuni zinawataka washike fimbo kwa mkono wa kulia, ili wachezaji wanaokabiliana wasigongane.

Ukimpata farasi aliyestaafu mbio za Ngong, Nairobi, mfikirie kama mwanafunzi mpya ingawa ana miaka mitano: anajua kukimbia na kubeba mtu, lakini hajafundishwa kugeuka kwa utulivu wala kusimama kusubiri. Mrudishe kwenye masomo ya chini kwa miezi kadhaa, kisha dresaji nyepesi, ndipo umpime kwenye viunzi.

Wapo pia farasi ambao baada ya kuonjeshwa yote hawaonyeshi kipaji cha mashindano. Farasi asiyestuka, anayetembea kwa hatua ndefu na anayesimama palepale mtoto anapopandishwa ni adimu katika jiji hili, na ndiye anayefaa kwa matembezi na kwa wanaojifunza. Huyu naye aendelee na uwanja mara moja au mbili kwa wiki ili mgongo usilegee, apewe siku kamili za mapumziko, na uzito wa kila mpandaji pamoja na tandiko upimwe kwa mizani kabla hajapandishwa, kwa kuwa wageni wengi hutaja kilo walizokuwa nazo zamani.